Herufi C Kwenye Kipimo cha Joto

Mume wangu aliniachia namba moja: mia tano. Aliiandika kwa kaa ukutani, nyuma ya jiko la kuni la nyumba ya masista, hapa Bukavu. Alitunza moto wa nyumba ile mpaka ugonjwa ukamlaza. Alipofariki, masista walinipa kazi yake.

Jiko lile lilitoka Amerika, wala halifanani na mbaula zetu, yale majiko madogo ya makaa. Ndani, upande wa juu, lina kitu chenye matundu kama sega la nyuki, kinachochoma moshi kabla haujatoka. Ukiwasha, kifuniko cha juu kinakaa wazi na moshi unapanda bombani moja kwa moja. Mshale wa kipimo cha joto ukifika mia tano, wewe unafunga kifuniko, moshi unapita kwenye sega na moto unatulia. Ukifunga mapema, moshi unajaa nyumbani. Hayo alinifundisha akiwa kitandani, sauti imekwisha.

Kipimo chake nilikivunja mimi, nikipangusa vumbi. Sista mzee aliyekuwa anarudi kutoka Ulaya akaniletea kipya. Cha zamani kilikuwa na herufi F, kipya kina C. Sikushangaa. Kwenye robine, mifereji ya maji ya nyumba ile, F ni froid, maji ya baridi, na C ni chaud, maji ya moto. Nikaona hiki kipya ndicho hasa cha jiko.

Siku ya kwanza kukitumia ilikuwa mchana wa mvua. Sista yule alikuwa chumba cha juu, kifua kinambana, miguu haimbebi. Niliwasha. Mshale ukapanda mpaka mia tatu, ukasita. Nikaongeza kuni za mikaratusi. Mia tatu na hamsini. Nikaongeza tena. Moto ukaanza kunguruma ndani ya bomba kama lori linalopanda mlima.

Sauti ikatoka juu: “Maman! Iko nini? Kunanuka rangi ya kuungua!”

“Hakuna kitu, Masere!” nilimjibu; ndivyo tunavyomwita sista.

Nilidanganya. Bomba lilikuwa jekundu, na ubao wa dari kando yake ulikuwa unageuka kahawia huku nautazama. Juu ya ubao ule kulikuwa na kitanda cha mtu asiyeweza kukimbia. Mshale ulisema mia nne na kumi. Ukuta ulisema mia tano. Nikashika ndoo ya maji, nikainyanyua juu ya jiko.

Hapo nikakumbuka mume wangu alivyokuwa akisema: chuma cha moto hakimwagiwi maji, kinapasuka. Nikaweka ndoo chini. Nikafunga tundu la hewa, nikaketi sakafuni kuutazama mshale. Nitasema kweli: nilimkasirikia marehemu. Niliwaza kwamba alinifundisha vibaya, na siwezi tena kumwuliza.

Mshale ulishuka polepole sana. Jiko lilipopoa nilichomoa kipimo, nikampelekea Masere kitandani, nikamweleza yote. Akavaa miwani.

“Hii C, wewe unasoma nini?”

“Chaud, Masere.”

“Na F ya bwana yako?”

“Froid.”

“Yesu wangu! Kumbe miaka yote ile alikuwa anatupashia baridi?” Akacheka mpaka kikohozi kikamshika, nikamshikilia mgongo. Kisha akanieleza: Waamerika wana namba zao za joto, ndiyo F. Sisi tuna zetu, ndiyo C. Akapiga hesabu kwenye bahasha. “Mia tano yake, kwa hii yako, iko mia mbili na sitini. Hakukosea, maman.”

Hakukosea. Nilishuka ngazi nikilia, nikachukua kaa, nikaandika 260 chini ya namba yake. Yake sikuifuta.

Ubao wa dari una doa mpaka leo. Kila ninapofunga kifuniko napanda juu ya kiti, naugusa kwa mgongo wa mkono. Ukiwa wa baridi, ndipo naenda kumwambia Masere moto uko tayari.