Mafuta Hayatoi Mvuke

Mama hukaanga mgongo wazi hapa kwetu Obunga. Ni ile mifupa ya samaki mbuta inayobaki kiwandani minofu ikishakatwa. Huianika juani, kisha anaikaanga kwenye karai kubwa, kwenye kibaraza cha mabati ambacho ndicho jikoni kwetu.

Mimi nikitoka shule kazi yangu ni kuchunga wadogo zangu, msichana wa miaka mitano na mvulana wa mitatu. Si mtu wa maneno mimi. Mwalimu akiniuliza kitu darasani, jibu ninalo, lakini linakwama kooni na masikio yanawaka. Kwa hawa wawili tu ndio huwa nina sauti. Kwa hivyo niliamua kuwafundisha mambo ya jikoni vizuri. Nilichora mstari wa makaa sakafuni: mtoto hapiti hapa. Kisu hakishikwi. Kitu kikitoa mvuke, ni moto. Walikariri yote, na mimi nikajiona mwalimu.

Shida ni Mama. "Hebu niletee chumvi," anamwambia mdogo wangu wa kike, na mtoto anavuka mstari mchana kweupe. Jioni mstari umeshafutwa na ndala za Mama, nachora tena.

"Unanichafulia sakafu na makaa ya nini?"

"Hakuna, Mama."

Kila siku ni hakuna. Najichukia kwa hiyo hakuna.

Halafu kuna yale matone. Kujua kama mafuta yako tayari, Mama huchovya vidole kwenye bakuli la maji lililo kando ya jiko, anakung'uta matone mawili kwenye karai. Yakilia, samaki anaingia. Watoto hulipenda jambo hilo, wanacheka kila mara. Nililiona miezi yote na sikuwahi kulifikiria.

Jumamosi Mama alitoka mbele kumfungia mteja samaki. Mimi nilikuwa nyuma ya kibaraza nasugua sufuria. Nilipoinua macho, mdogo wangu wa kike alikuwa amesimama na jagi limejaa maji, mikono miwili, amelielekeza kwenye karai. Vidole vya miguu vilikuwa nyuma ya mstari kabisa, mwili ameuinamisha mbele. Yule mdogo zaidi alikuwa ameshika gauni lake, anangoja kucheka.

Nilitaka kupiga kelele. Sauti haikutoka. Nikakimbia, nikalipiga jagi likaruka hadi ukutani, maji yakanimwagikia mimi, wote wawili wakaanza kulia.

"Sijavuka mstari!" alinililia. "Mafuta hayatoi mvuke! Nilikuwa naangalia kama ni moto, kama Mama!"

Mama aliingia na koleo mkononi. "Unampigia nini mtoto?"

Mteja akachungulia nyuma yake. "Haki, huyu mnyamavu! Kumbe ndio hatari."

Nilikuwa nimekasirika. Kwa Mama, kwa huyo mteja, na zaidi kwangu mimi, kwa sababu ile ya mvuke niliifundisha mimi. Ile "hakuna" yangu ilikuwa tayari mdomoni. Nikaimeza.

"Ni hayo matone yako, Mama. Anakuiga."

"Nimekaanga kabla hujazaliwa, nyathina, mwanangu. Leo wewe ndio unanifundisha?"

Niliokota jagi nikamwonyesha. "Alitaka kumwaga hili lote."

Aliangalia jagi, akaangalia karai, akamwangalia binti yake akipangusa kamasi.

"Mama, samaki wangu," mteja akasema.

Mama akarudi mbele.

Alipotaka kukaanga tena, watoto walikuwa wamekaa nyuma ya mstari wanatazama. Akachovya vidole kwenye bakuli. Nikamshika mkono. Sijawahi kumshika Mama mkono hivyo.

"Sasa nitajuaje?" alifoka.

"Weka kipande cha mkia kwanza."

Akasonya, akakishika kwa koleo, akakishusha polepole. Povu likakizunguka. Niliwaambia watoto ile ya mvuke nimeifuta: karai likiwa jikoni ni moto, litoe mvuke lisitoe, na maji hayalikaribii. Mdogo wangu akauliza, "Hata ya Mama?" Mama hakugeuka.

Bakuli nililitoa nje mwenyewe.

Jumatatu nikitoka shule nililikuta limerudi palepale kando ya jiko, limejaa. Nikalimwaga tena, Mama akiniona.

"Unamwaga maji yangu ya nini?"

Nikamwambia ya nini.