Mfanyakazi wa Nyamitaba Niliyempokea kwa Simu

Kosa langu la mwanzoni kazini lilikuwa hili: nilimkaribisha mfanyakazi mpya kwetu, sikumtambulisha kijijini kwao.

Nilikuwa kijana wa depo, ghala la mizigo, huko Kirotshe, nikimfanyia kazi mfanyabiashara mmoja kutoka upande wa Butembo. Malori yake yalipanda Masisi kununua maharagwe na fromaji, yaani jibini. Kwa ajili ya vita, barabara ilikuwa kitu cha kuulizia kila asubuhi, kwa hiyo tulikuwa na watu vijijini, ambao hatukuwahi kuwaona, wa kutuambia kwa simu kama gari litapita. Kuwapokea hao ilikuwa kazi yangu. Hakuna aliyenifundisha. Nilitazama video za watu waliovaa vizuri, nikaiga, na kila siku niliogopa patroni, huyo tajiri wangu, atagundua kuwa sijui kitu.

Wa kijiji cha Nyamitaba alikuwa dada mshonaji, tuliyeelekezwa na dereva wetu. Nilimrekodia ujumbe wa kumkaribisha, nikaufuta, nikaurekodi tena mpaka sauti ikanikauka. Nilimwagiza kila asubuhi saa moja kamili apande kilima kinachokamata rezo, mtandao wa simu, apige picha ya barabara, aandike maneno machache bila salamu.

"Kaka, unaongea sawa na redio," akanijibu akicheka. "Nikikawia utanikata mushahara?"

"Usikawie tu." Sikucheka.

Hakukawia. Hata hivyo nilimrekebisha: picha imeinama, neno hili limezidi.

Asubuhi moja ujumbe haukufika. Nikaandika: "Umechelewa. Tuma picha ya barabara sasa hivi." Muda kidogo simu yake ikanipigia, sauti ikawa ya mwanaume. Alikuwa shefu wa kijiji. Vijana wenye silaha waliolinda njia walikuwa wamemkamata dada kilimani, wakamleta uani kwake. Walisema ni mpelelezi wa adui, na ujumbe wangu uliingia simu ikiwa mikononi mwao. Walitaka kuondoka naye.

"Weye njo patroni yake?" shefu akauliza.

"Hapana, Papa. Mimi ndiye niliyempa kazi."

"Ulishafikaka huku kwetu?"

"Bado."

"Na yeye, ulishamuonaka na macho?"

"Bado, Papa."

Nyuma yake mtu akaangua kicheko. "Dada iko anatumikia muzimu!"

"Mwalimu akikuja huku, tunamuona," shefu akasema. "Muganga wa ngombe, tunamuona, tunakunywa naye pombe ya kasiksi, kila muntu anajua kazi yake. Huyu mutoto wetu tunamuona tu anapanda na simu kila asubuhi. Sasa hawa vijana niwaambie nini?"

Nikaanza kumweleza kwa nini saa moja ni saa nzuri. Mungu anisamehe, ndivyo nilivyofanya. Patroni, aliyekuwa akisikiliza kando yangu, akaninyang'anya simu. Akasalimu taratibu, akauliza mvua, akauliza ng'ombe, akasema alikozaliwa, anachonunua, na mama anayemuuzia maharagwe pale sokoni Nyamitaba. Shefu alimjua huyo mama.

"Nitakuja miye mwenyewe, na huyu kijana," patroni akasema. "Mutatuona."

Hatukupakia chochote siku ile. Nilikaa juu ya magunia, nikisoma tena na tena maneno yangu mwenyewe. Alasiri dereva akapiga: shefu amezungumza na vijana, wamemwachia, dada yuko nyumbani, hajaguswa. Simu yake imebaki kwa vijana.

Tulipanda Nyamitaba njia ilipotulia. Shefu aliita majirani, patroni akaongea, nami nikasimama mahali ambapo kila mtu aliniona. Dada alikuja na mama yake, wakakaa pembeni. Nilimpelekea simu mpya.

"Hapana, kaka," akasema. "Kazi yako iko muzuri. Lakini weye unakaa Kirotshe. Miye niko nabakia hapa."

Mama yake akamshika mkono, wakaenda.

Tangu hapo simpi mtu simu kabla sijafika kijijini kwake na kusimama naye mbele ya shefu na majirani. Saa ya kupiga anachagua mwenyewe. Siku akiona afadhali anyamaze, ananyamaza, na lori linalala depo. Likilala bado naumia, lakini siandiki kitu. Nyamitaba hatuna mtu.