Kuku Mweusi wa Wenye Pikipiki

Nusu ya umri wangu nimelala chini. Nilipopata kitanda nilishukuru Mungu, nikaapa sishuki tena ila kwa maradhi. Kwa hiyo masika haya walipokuja watu wa Dar es Salaam na pikipiki kubwa kama ndama, wakasema wameacha magodoro yao kwa hiari ili waje kulala kwenye kiwanja chetu cha mpira, niliwatazama kwanza. Mwenyekiti wao, baba mzima mwenye kitambi na magoti ya plastiki aliyoyavaa juu ya yake, akaniambia, "Bibi, tunarudi kwenye asili."

Nikamwambia asili ipo, ila ina siafu.

Kijiji chetu kiko kati ya Handeni na Korogwe, na wageni hao walitutafuta wanawake watatu tuwapikie siku zile za kambi. Mimi, jirani yangu ninayepakana naye shamba, na rafiki yetu Msambaa wa Korogwe, aliyekuja na bodaboda, mkungu wa ndizi mbele, mkungu nyuma, yeye katikati. Tumejuana naye sokoni tangu usichana, na hatujawahi kusalimiana bila kutukanana kidogo.

Ijumaa mchana, mahema yaliposimama tu, mvua ikaanguka.

Hapa naomba nieleweke. Sisi tulikuwa tumepanda mahindi kwenye vumbi, tunangoja. Wengine walishaanza kufukua mbegu kuona kama bado ni nzima. Mvua ile ndiyo ilikuwa ya kwanza ya maana, na kijiji kizima kilisimama mlangoni kuitazama kama unavyomtazama mgeni ambaye hujui kama atakaa au anapita. Kule kiwanjani nao waliitazama, lakini kama mtu anavyomtazama mwizi. Hema moja liling'oka na upepo likaingia golini, na hilo ndilo bao pekee nililoliona pale mwaka huu.

Jumamosi asubuhi bado ilikuwa inanyesha. Sisi tulikuwa chini ya banda la mabati, tunapuliza kuni mbichi. Msambaa akamwambia jirani yangu, "We Mzigua, si babu yako alikuwa anafunga mvua kwenye harusi? Hebu tufungie hii, moshi unanitoa macho."

"Babu yangu alikuwa anafunga midomo ya Wasambaa," jirani akamjibu, "na hata hiyo ilimshinda."

Tukacheka, yakaisha. Lakini nyuma yetu alikuwa amesimama mwenyekiti na kikombe, anangoja chai. Yeye hakucheka. Alikwenda akawakusanya wenzake chini ya mwavuli, wakajadiliana, kisha akarudi na wawili, kofia mkononi.

"Bibi, shikamoo," akamwambia jirani yangu. "Kamati imekaa. Tunaomba utuzuilie mvua mpaka kesho saa sita. Baada ya hapo unaweza kuiachia."

Mtu huyo jana yake alikuwa amenieleza kwamba kazi yake ni kompyuta za benki.

Jirani alikuwa analia kwa moshi na kicheko pamoja. "Bila kuku mweusi siwezi," akasema. Alisema hivyo kwa sababu tangu Ijumaa tulikuwa tunakula maharage.

Wakaenda mpaka Segera. Pikipiki tatu kumfuata kuku mmoja, na wamevaa kama wanakwenda vitani. Walirudi naye amefunikwa koti la mvua, na katika kambi nzima ndiye peke yake aliyefika mkavu.

Jirani akamchukua, akatoka nje, akamwinua kuelekea mawinguni, akasema naye kwa Kizigua. Sisi tuliosikia tunajua alikuwa anamweleza kuku habari za mkwe wake anayekoroma. Kijana mmoja wa kambini alikuwa anamrekodi kwa simu. Hajamaliza hata habari za mkwe, mvua ikakatika.

Mvua hukatika. Ndiyo kazi yake, kunyesha na kukatika. Lakini watu wazima wenye ndevu walipiga makofi. Mpaka adhuhuri jua lilikuwa limetoka, wameanika soksi kwenye magoli na muziki umefunguliwa. Sisi kuku tukamchinjisha, tukamtia sufuriani.

Ndipo wakaja wanaume watano wa kijijini, mbele yao mwenye shamba ng'ambo ya langu, jembe begani. Hawakusalimu. Asiyesalimu kwetu ana neno.

"Tumesikia mvua imefungwa hapa," akasema.

Kabla sijafungua mdomo, mwenyekiti akaja mbio na simu, amefurahi, akawaonyesha picha. "Ni huyu bibi hapa. Ana kipaji cha ajabu." Nilitamani kumpiga na mwiko.

Jirani yangu aliacha kucheka. Maana kwetu mvua ikikosekana watu hutafuta aliyeifunga, na wakitafuta hupata. Mwaka mmoja wa ukame, watoto wetu wakiwa wadogo, mjane mmoja wa ng'ambo ya kijito waliezua bati la nyumba yake kwa neno kama hilo. Hakungoja wafike kwenye kuta. Mpaka leo hatujui aliko. Hakuwa na babu wa kufunga mvua. Alichokosa ni mtoto wa kiume wa kusimama mlangoni. Jirani yangu naye wa kiume hana, na babu anaye, na sasa alikuwa na picha kwenye simu.

"Kuku yuko wapi?" mwenye jembe akauliza.

Aliuliza kwa kujua. Kuku wa kazi hiyo hufukiwa mzima, na mvua hukaa naye chini mpaka afukuliwe. Nikafunua sufuria. "Huyu hapa. Yuko na nyanya na kitunguu."

"Huenda ni mwingine."

"Manyoya yako nyuma ya banda. Kahesabu."

"Na kichwa?"

"Kichwa nimekuwekea wewe," Msambaa akadakia, "naona chako kimechoka." Hakuna aliyecheka. Nikamwambia anyamaze.

"Kaa ule," nikamwambia yule bwana.

"Mimi sili dawa."

"Kama ni dawa, ukiila umeivunja. Kama si dawa, umekula kuku. Linalokuuma ni lipi?"

Wenzake walikuwa wanatazama sufuria. Miezi mingi ilikuwa ugali na mlenda. Nikachota firigisi, nikaiweka kwenye sahani, nikampa kwa mikono miwili mbele yao wote. Firigisi hupewa mkubwa wa nyumba, na mwanamume aliyepewa mbele ya wenzake akaikataa, amejivua ukubwa mwenyewe. Akalitua jembe. Nikamwambia kijana wa simu, "Na hii irekodi."

Akala. Nyuma yangu jirani alikuwa ameshika pindo la kanga yangu. Yule bwana akatafuna taratibu, akameza, akafikiri.

"Chumvi imepungua," akasema.

Basi, kesi ikaisha. Wengine wakakaa. Mwenyekiti akauliza sasa mvua ya mpaka kesho itazuiwa na nani, nikampa shingo ya kuku.

Sahani hazijaoshwa, wingu likashuka kutoka milima ya Usambara, likatukuta na mvua isiyo na mchezo. Mahema yalielea. Jioni wote waliingia bandani mwetu wakakaa juu ya magunia, wanang'atwa na siafu, ambao nao walikimbia maji. Jumapili waliondoka kuelekea Korogwe wakiwa rangi moja na barabara.

Kijijini sasa wanasema mvua ilirudi kwa sababu yule bwana alikula firigisi. Yeye hakani. Anatembea polepole siku hizi, na kuna aliyekwenda kumwomba amwombee shamba. Namwacha. Ukame ukija, wajue mlango wa kwenda, na yeye ana watoto wa kiume wanne.

Lakini Jumamosi ile jirani alikuja kulala kwangu. Tulikaa tunasikiliza mvua kwenye bati.

"Na kama isingenyesha?" akauliza.

"Tungehama wote," nikamwambia. "Lala."