Elektroni ya Nje

Aliyekula kwa kusahau, saumu yake iko palepale. Kwa hiyo kwa Mungu sina kesi. Kesi yangu iko Kidato cha Tatu, hapa Tabora mjini ninapofundisha kemia.

Ilikuwa katikati ya Ramadhani, nikaamua wanafunzi waione atomu ya sodiamu kwa macho. Nikachora maduara matatu mezani kwa chaki, nikarundika maharage katikati yawe kiini, na kwenye maduara nikapanga karanga za kukaanga ziwe elektroni. Asubuhi hiyohiyo nilikuwa nimemfokea kijana mmoja kwa kutafuna muwa mbele ya waliofunga.

Nilieleza vizuri sana, mkono ukitembeatembea mezani kama ilivyo kawaida yangu. Nilipofika kwenye elektroni ya nje, ile inayong'oka kwa urahisi, sikuiona. Na nyingine zilikuwa zimepungua.

"Nani amekula elektroni?"

Wakainamia madaftari yao.

"Mwezi mtukufu huu, mnaiba hata atomu?"

Nikawapanga mstari, nikaamuru kila mmoja apanue kinywa. Nikakagua meno ya darasa zima kama mnunuzi wa ng'ombe mnadani. Yote safi.

Mwajuma, msichana mpole wa dawati la mbele, akanyoosha kidole. "Samahani, mwalimu. Umebaki wewe."

"Mimi nimefunga!" nikanguruma, hadi magego yakaonekana.

Mwajuma akachungulia kwa makini, kisha akawageukia wenzake.

"Ya nje imepatikana," akasema. "Imenasa kwenye jino."