Mpimaji wa Jumatatu

Kule kwenye machimbo ya kokoto walimwita Bwana Jumatatu. Hata mlinzi wa lango, ambaye kazi yake ilikuwa kuandika majina ya wageni kwenye daftari, aliandika hivyo hivyo: Bwana Jumatatu, ofisi ya maji, saa tatu asubuhi. Kwa miaka kumi na tisa mstari huo ulijirudia kila wiki. Walinzi walibadilika na miandiko yao, maneno yakabaki yale yale.

Kazi yake ilikuwa ndogo na ya upweke. Machimbo yalikuwa shimo pana lililochongwa ngazi ngazi, na chini kabisa pampu mbili zilinyonya maji yaliyochuruzika kutoka ardhini, ili sakafu ikauke na kokoto zipate kuoshwa. Kibali cha ofisi kiliruhusu hayo kwa sharti moja: maji ya ardhini yasishuke zaidi ya mita ishirini. Ndiyo maana ukingoni mwa shimo kulikuwa na bomba jembamba lililozikwa wima, lenye kifuniko na kufuli, na ufunguo ulikuwa kwake. Alipaka chaki utepe wa chuma, akauteremsha bombani taratibu, akauvuta, akasoma pale chaki ilipolowa. Mita kumi na nne. Mwaka mwingine kumi na tano. Aliandika, akatia sahihi, akafunga kufuli.

Alijivunia jambo moja tu, kutobadilisha siku. Chuoni alifundishwa kwamba kipimo kizuri huchukuliwa siku ile ile, saa ile ile, kwa mkono ule ule, naye alilishika fundisho hilo kama wengine wanavyoshika sala. Alikwenda na mvua, alikwenda na homa. Mkewe alizikwa Jumamosi, na Jumatatu watu wa machimboni walimwona amesimama kando ya bomba lake, utepe mkononi, macho yameiva.

Jumapili alikwenda kwa dada yake mkubwa, aliyekaa mtaa ulio chini ya machimbo. Dada huyo alikuwa dobi. Alifua mashuka ya zahanati na ya nyumba mbili za wageni, na kisima cha uani ndicho kilichokuwa kiwanda chake. Kilikuwa na mfuniko wa zege wenye tundu dogo la kupitishia kamba.

"Leo kinatoa," dada alimwambia Jumapili moja, akikielekeza kidevu kisimani. "Kesho mchana kitaanza kuvuta. Kitavuta mpaka Jumamosi."

"Kinavuta nini?"

"Pumzi."

"Kisima hakina mapafu, dada."

"Wewe msomi wa mashimo ndiye unayejua nani ana mapafu na nani hana. Weka mkono hapo."

Aliweka kiganja juu ya tundu. Hewa ya uvuguvugu, yenye harufu ya mawe yaliyolowa, ilipanda katikati ya vidole vyake polepole, kama pumzi ya mtu aliyelala usingizi mzito. Aliondoa mkono haraka kuliko alivyokusudia.

"Upepo," alisema.

"Haya, upepo. Kula mkate wako, mdogo wangu, chai inapoa."

Lakini dada hakuwa amemaliza. Mwaka huo wenye machimbo walikuwa wameomba kibali kipya, kuchota maji maradufu na kufanya kazi siku saba bila kupumzika Jumapili. Kamati ilikuwa ikae Ijumaa ya wiki ile, na faili lilisubiri kipimo kimoja cha mwisho kutoka kwake.

"Mimi maji nayapata Jumatatu alfajiri tu," dada alisema. "Najaza mapipa manne, nafulia hayo wiki nzima. Ikifika Jumatano kamba inarudi na ndoo kavu. Sasa wakichimba na Jumapili, nitafulia mate?"

"Ni ukame, dada. Vipimo vyangu vinaonyesha maji yapo."

"Vinaonyesha." Alilitamka neno lile kama mtu anayekagua doa kwenye shuka.

Jumatatu ile hakwenda. Jino la nyuma lilikuwa limemvimbisha shavu usiku kucha, na asubuhi hakuweza kufungua mdomo. Daktari wa meno alimng'oa, akamwamuru alale siku mbili. Jumatano bado alikuwa na homa. Alhamisi, saa nne na nusu, alifika langoni huku shavu moja likiwa kubwa kuliko jingine.

Mlinzi alimtazama kwa muda kabla ya kufungua.

"Ni wewe kweli, au ni kivuli chako? Jumatatu hukuonekana, tukasema basi, mzee wa watu ametangulia."

"Jino."

"Pole. Lakini leo si siku yako, mzee."

Alilisikia shimo kabla hajaliona. Machimbo aliyoyajua yalikuwa mahali pa kimya. Jumatatu asubuhi mashine zilikuwa zikifanyiwa matengenezo, na chini kulikuwa na bwawa la kijani lililotulia, mawingu yakipita ndani yake. Siku hiyo ardhi ilikuwa ikitetemeka mpaka kwenye meno yaliyobaki. Vumbi jeupe lilikuwa limewafunika watu, nywele na nyusi, hata hukuweza kujua nani kijana na nani mzee. Na walikuwa wakitembea chini kabisa, kwenye sakafu kavu, wakibeba nyundo na mabomba, pale pale ambapo kwa miaka kumi na tisa yeye aliona maji. Aliwatazama jinsi mtu anavyotazama watu wanaotembea ndani ya ndoto yake bila ruhusa.

Alipofungua kufuli ya bomba, kifuniko kilikataa kutoka. Hakikuwa na kutu. Kulikuwa na kitu kinakishikilia kwa ndani. Alikivuta kwa mikono miwili, kikaachia kwa mlio kama wa busu, na bomba likaanza kuvuma, si kwa kutoa hewa bali kwa kuivuta. Fomu iliyokuwa kwapani ilimchomoka, ikaenda yenyewe, ikajibandika juu ya tundu na kutulia hapo, katikati yake ikibonyea ndani.

Aliibandua. Akapaka chaki, akateremsha utepe. Mita kumi na sita, mahali pa wiki iliyopita: chaki ikarudi kavu. Ishirini: kavu. Ishirini na tano: kavu, nyeupe, safi, kama haijawahi kuguswa. Utepe wote ulikuwa wa mita thelathini. Kwenye ishirini na tisa, chaki ililowa upana wa vidole viwili.

Alipima mara tatu.

Msimamizi wa machimbo alimkuta amechuchumaa pale. Walijuana miaka kumi, kwa salamu na mizaha ya Jumatatu.

"Bwana Jumatatu! Kalenda imekupotea?"

"Maji yako wapi?"

"Maji yapi?" Msimamizi alicheka, kisha akaona uso wake. "Si yako kwenye pampu. Yatarudi, mzee. Tukizima Jumamosi mchana yanaanza kupanda. Jumatatu utayakuta kama kawaida."

"Tangu lini yanashuka hivi?"

"Usinitanie."

"Nakuuliza tangu lini."

Msimamizi alijipangusa vumbi mdomoni. Sauti yake ikashuka, si kwa hofu, ila kwa aibu ya mtu aliyemkuta mwenzake uchi.

"Tangu nianze kazi hapa. Sisi tulidhani unajua. Wote, mpaka wapishi. Tulidhani ni makubaliano yako na wakubwa. Mtu haji miaka yote hiyo, asubuhi ile moja pampu zimelala, kwa bahati tu."

Hakuwahi kupokea hata soda kutoka kwa watu wale. Alitaka kusema hivyo, lakini shavu lilikuwa zito, na akaona jinsi maneno hayo yangesikika. Mla rushwa angalau angekuwa anajua anachokifanya.

Aliteremka kwa miguu kuelekea kwa dada yake. Jua lilikuwa katikati ya mbingu na mtaa hauna mtu. Hakuwahi kuuona mtaa ule siku ya kazi. Zilikuwa nyumba ishirini na mbili, na alipozihesabu sasa aliona kumi na tatu zimefungwa kwa kufuli, madirisha yamepigiliwa mbao. Halafu akasikia filimbi. Kwanza moja, nyembamba, kutoka ua wa kwanza. Kisha ya pili, nzito kidogo. Kila ua aliopita, penye watu na pasipo watu, kisima kilikuwa kikivuta hewa kupitia ufa wa mfuniko wake, kila kimoja kwa sauti yake, bila kupumzika, bila kutoa. Kwenye ua mmoja usio na uzio mfuko wa plastiki ulikuwa umenata juu ya mfuniko, umekazwa kama ngozi ya ngoma. Aliona majani makavu yakitambaa chini kuelekea kisimani, na hakukuwa na upepo hata chembe.

Dada alipomwona alisimama na shuka mikononi.

"Nani amekufa?"

"Hakuna."

"Basi unafanya nini hapa Alhamisi?"

Alipiga magoti kisimani, akaweka kiganja juu ya tundu. Safari hii kiganja kilishikwa. Alipokivuta kilibaki na duara jekundu. Akaukalisha mwili wake kwenye mfuniko, akamweleza dada yake yote: ishirini na tisa, Jumatatu, pampu zilizolala.

Dada alilikunja shuka, akalikunja tena, mpaka likawa dogo la kutosha kutia kapuni.

"Fundi viatu alihama," alisema. "Mwalimu akahama. Mama wa mapacha alihama, nikambebea godoro mimi mwenyewe. Walikwenda ofisini kwenu kulalamika, mmoja mmoja. Kila mmoja aliambiwa vipimo viko sawa. Vilikuwa vipimo vya nani?"

"Vyangu."

"Na mimi nilikwambia."

"Uliniambia."

"Basi usikae hapo. Kamati ni kesho."

Mkuu wa ofisi alikuwa mdogo kwake kwa miaka ishirini, mtu mpole, mwenye kuzima simu yake anapozungumza na wakubwa kwa umri. Alisoma fomu, akaiweka mezani kifudifudi.

"Mzee wangu, hiki hakilingani na faili."

"Hakilingani."

"Tuahirishe kamati mpaka Jumanne. Jumatatu upime, siku yako ya kawaida. Maji yatakuwa kwenye mita kumi na sita, na utaandika kumi na sita. Hatutakuwa tumesema uongo."

"Hapana, hautakuwa uongo."

"Tatizo liko wapi?"

"Kila namba niliyoandika ilikuwa kweli," alisema. "Karibu elfu moja. Hakuna hata moja ya uongo."

Mkuu akasema taratibu, na huenda alisema kwa huruma: "Kikiingia hiki kimoja, hizo elfu zote zinakufa. Kamati itauliza nani alichagua Jumatatu. Unastaafu mwezi wa tano. Unataka watu wakukumbuke kama nani?"

Mpimaji aliigeuza fomu, akaomba kalamu. Chini kulikuwa na nafasi ya maelezo, mistari mitatu ambayo hakuwahi kuitumia. Aliandika kwa mwandiko wake wa kila siku: *Vipimo vyote vilivyotangulia vilichukuliwa Jumatatu asubuhi, pampu zikiwa zimezimwa tangu Jumamosi mchana. Havithibitishi chochote. Siku niliichagua mimi.* Akatia sahihi, akairudisha.

Kibali kipya kilikataliwa. Machimbo yaliwekewa kifaa cha kuzima pampu kila maji yanapofika mita ishirini, kwa hiyo kazi ikabaki ya siku tatu kwa wiki, na watu wengi wakarudishwa nyumbani. Msimamizi alikuwa mmoja wao. Walipokutana sokoni alimpita kama anavyopita nguzo. Ofisini faili la miaka kumi na tisa lilipigwa mhuri wa kufutwa, likapelekwa stoo, na mwezi wa tano mpimaji aliondoka mchana wa kawaida, bila hotuba, akiwa na mfuko mmoja. Wako waliosema alikula na wenye machimbo, kisha wakakosana. Hakubishana nao.

Alihamia kwa dada yake. Kisima kilinyamaza, na maji yakawa yanapatikana hata Ijumaa. Dada hakumshukuru, wala hakumlaumu tena. Alimpa kazi ya kuanika.

Siku moja alimletea kitita cha funguo. Waliohama walikuwa wamemwachia dada, kila mmoja akisema ni kwa muda mfupi tu. Wakapita nyumba kwa nyumba, ndugu wawili wazee, yeye na utepe wake, dada akihangaika na kufuli zilizoshika kutu. Sebuleni mwa mwalimu bado kulikuwa na kiti kimoja kimeelekezwa dirishani. Kwa fundi viatu nyayo za mpira zilikuwa zimepangwa ukutani, jozi jozi, za miguu ambayo labda ilikwisha kununua viatu pengine. Kila ua walifunua kisima, akateremsha utepe, akasoma. Mita tisa. Mita nane. Maji yalikuwa yamerudi kwa wote, sawasawa, bila kuuliza kama kuna mtu.

Kwa mama wa mapacha hakuhitaji utepe. Waliposogeza mfuniko maji yalikuwa pale pale karibu, meusi, yametulia, na nyuso zao mbili zikawatazama kutoka chini.

"Funika," dada alisema. "Funika vizuri, asije mtoto akatumbukia."

Alishika mfuniko, kisha akainua kichwa. Mtaa wote ulikuwa kimya.

"Mtoto gani, dada?"

Dada alikuwa amekwisha kwenda kulifunga lango. Mpimaji alifunika vizuri.