Profesa Ndani ya Kabati la Bi Geeske

Profesa Wiebren Tjeerdsma wa Groningen, Uholanzi, alikuwa bingwa wa kuganda. Si kuganda kwa maji, bali kwa miguu. Wapo wagonjwa wa kutetemeka ambao wakifika mlangoni miguu hugoma kana kwamba imepigiliwa misumari sakafuni. Miguu hiyo ndiyo iliyomlisha Profesa tangu ujana wake. Ilimpa medali, ikampeleka mikutano ya Vienna na Lund, ikamnunulia hata nyumba ya likizo kisiwani.

Kasoro ilikuwa moja, na wauguzi waliicheka wakinywa kahawa yao: Profesa alikuwa hajawahi kumwona mtu akiganda. Akiingia yeye na koti jeupe, wanafunzi nyuma kama vifaranga vya bata, hata aliyeburutwa asubuhi huinuka akatembea kama askari wa gwaride. Zile picha alizoonyesha Vienna zilipigwa na wengine.

Sasa mgonjwa wake mmoja, Bi Geeske Doornbos, mjane wa muuza jibini, alihitaji choo kando ya chumba chake cha kulala. Halmashauri, ambayo ndiyo ingekijenga, ilitaka neno la daktari; bila neno hilo, angehamishiwa nyumba ya wazee.

"Mimi huandika nilichokiona kwa macho yangu," alisema Profesa.

"Basi tazama." Bi Geeske akaenda mlangoni, akaikaripia miguu yake: "Gandeni, wanafiki nyie! Nyumbani mnanitesa, hapa mnajipendekeza kwa wakubwa!"

Miguu ikavuka kizingiti kwa madaha.

"Mwendo mzuri sana," Profesa akaandika.

Bi Geeske akamwalika siku yake ya kuzaliwa. Profesa alikwenda, mwenyewe akisema ni kwa ajili ya sayansi. Akazunguka duara la viti akimpa mkono kila mtu, kama ilivyo desturi ya huko: akampongeza dada mtu kwa kuwa na dada, na jirani kwa kuwa na jirani. Akapewa kipande chake kimoja cha keki. Bi Geeske akaenda kuleta kahawa, na alipofika mlango wa jikoni akasimama kama nguzo.

"Ameganda! Profesa, geuka uone!" akapiga kelele Trijntje, dada yake.

Profesa akageuka. Miguu ilipoiona miwani yake ikaondoka.

"Umeiogopesha miguu," Trijntje akamwambia. "Ingia kabatini."

"Mimi?"

"Kwani kuna profesa mwingine humu?"

Lilikuwa kabati la mita ya umeme, kwenye korido nyembamba inayoelekea jikoni. Profesa akajipenyeza katikati ya mafagio, akachungulia kwenye ufa. Haukupita muda, Bi Geeske akaganda mbele yake, sinia mkononi, kahawa ikimwagika.

"Ajabu! Oneni vidole vinavyotetemeka!" ilisikika sauti ya kilio cha furaha kutoka gizani.

"Nishike basi, mjinga wewe, naungua!"

Profesa hakutoka. Angetoka, angeuharibu ushahidi. Sinia lilipokewa na Trijntje.

Kuandika, aliandika. Kwanza makala ndefu kwa ajili ya wenzake wa Vienna, kisha, Bi Geeske alipompigia simu akimtukana, mstari mmoja kwa halmashauri. Halmashauri ikamtuma Bwana Meindert, kijana wa nywele zilizopakwa mafuta, ambaye naye alikuwa na msimamo wake: haidhinishi asichokiona. Mbele yake Bi Geeske akatembea kama bibi harusi.

"Huyu hana tatizo," akasema Bwana Meindert.

Profesa, aliyekuwa amekuja naye, akashusha pumzi, akamfungulia kabati. "Tubanane."

Wakabanana. Bi Geeske akaenda jikoni, akaganda mlangoni, wakaona. Akajaribu kugeuka, akaganda tena, safari hii mgongo wake ukiwa umeegemea mlango wa kabati.

"Imethibitika!" Bwana Meindert akasukuma mlango. Haukufunguka. "Mama, sogea kidogo."

"Nisogee? Si mmeona wenyewe kuwa siwezi?"

"Fagio liko puani mwangu!" alilia Profesa.

"Na choo changu?"

"Utakipata!" akasema Bwana Meindert.

"Lini?"

"Mwezi ujao!"

"Wiki ijayo," alisema Trijntje sebuleni, akijimiminia chai.

"Haya, wiki ijayo!"

"Siku gani?" akauliza Bi Geeske.

"Jumatatu!" akajibu Profesa, ingawa halmashauri haikuwa yake.