Hiribae Alivyokwenda Kau Kuudai Mto

Babu yangu Hiribae alikuwa mbishi. Hata jogoo akiwika kabla ya wakati, alitoka nje kumgombeza. Kwa hiyo mwaka ule mto Tana ulipohama na kutuachia mchanga mtupu, wengine walilia, yeye alikasirika. Mpunga ulikauka kabla haujakomaa. Wanawake walifukua mchanga asubuhi nzima kupata kata moja ya maji.

Sababu ilijulikana. Huko juu palikuwa na mfereji wa Belazoni, uliochimbwa na watu wa zamani ili mitumbwi ipite kwenda mto Ozi. Mafuriko yakabomoa kingo zake, na Tana nzima ikafuata njia hiyo. Babu akaona jambo ni jepesi: mto uko Kau, ule mji wa kale wa biashara kando ya Ozi, basi aende akaudai. Alitembea siku mbili, upondo begani. Bibi Tuneya alipomuuliza upondo wa nini ilhali mtumbwi umelala mchangani, alisema kwenda atakwenda kwa miguu, lakini atarudi na mto. Hakuwa akitania, maskini.

Alifika Kau asione soko alilolijua tangu ujana. Maji yalijaa vichochoroni, na kuta za udongo zilikuwa zikimeguka. Mjane mmoja, Mwanasiti, alisimama katika maji ya magoti, kasha kichwani.

"Hodi, mama," babu akasema. "Mimi natoka kule mto ilikauka. Nataka mto yetu."

Mwanasiti alimshika mkono kwa nguvu. "Wewe ndiwe mwenye mto? Alhamdulillahi! Tukua mto wako, baba, tukua leo hii! Nyumba yangu i ndani ya mai, na kaburi la mume wangu limekwenda na mai."

Ubishi wote ukamwisha babu. Siku tatu alisukuma mtumbwi wa Mwanasiti kwa ule upondo, akimhamishia vyombo mahali pakavu. Kila jioni mama yule alimuuliza, kwa adabu, kazi ya kuuondoa mto ataianza lini. Babu aliona haya kumwambia kwamba hana uwezo huo. Siku ya nne aliondoka bila kuaga.

Kijiji kizima kilitoka kumlaki, watoto wamebeba mitungi.

"Wamekubali?" akauliza Tuneya.

"Wamekubali," babu akasema, akaketi mchangani, akalia mbele ya watoto.